Waja leo waondoka leo nao wapewe baiskeli

Tangu Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli Septemba 2025, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, habari ya baiskeli za jiji imerudi midomoni mwa watu. Naisikia kwenye vikao vya Watanzania huku Uingereza, naisikia kwenye simu nikiongea na ndugu zangu walioko Tanga na Dar es Salaam. Na sisi tuweke vituo, wanasema, mtu achukue baiskeli hapa aiache kule. AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Tanzania na Uganda, wageni watamiminika. Sina ugomvi na wazo hilo. Ugomvi wangu ni na neno linalofuata, nalo halikosekani: tuanze na wanachama kwanza, wapita njia tutawafungulia baadaye.

Nasema hapana. Mpita njia afunguliwe siku ya kwanza, na kama hilo haliwezekani basi mradi usubiri mpaka liwezekane. Baiskeli ambayo haipatikani bila kujiandikisha kwa mwaka mzima ni baiskeli ya klabu, hata kama halmashauri ndiyo iliyoinunua kwa kodi za watu.

Nayasema haya nikiwa nimesimama pande mbili. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, kule ambako barabara zetu tunazitaja kwa namba, na kwetu mwanamke juu ya baiskeli si kioja. Mama zetu walikwenda nazo sokoni na kanga zao wamejifunga. Mjomba wangu alikuwa fundi baiskeli, na pembeni ya ufundi alikodisha. Huku London nafanya kazi mapokezi katika hoteli ndogo ya Bayswater, hatua chache kutoka Hyde Park, na nilikuwepo kaunta mwaka ule London ilipofanya hivi hivi ninavyoshauriwa nikubali: kuanza na wanachama.

Ilikuwa tarehe 30 Julai 2010. Wazo lilitangazwa mwaka 2008 na Meya Ken Livingstone, baada ya Paris kuonyesha kwamba linawezekana. Aliyelizindua ni mrithi wake, Boris Johnson, na kwa hiyo wakazi wakaziita baiskeli za Boris ingawa ubavuni ziliandikwa jina la benki ya Barclays iliyotoa pesa za udhamini. Vituo zaidi ya 300 viliota katikati ya jiji, na baiskeli za buluu zikapangwa kila kimoja na safu yake. Mwanachama alijiandikisha kwa intaneti, akalipa pauni 3 za ufunguo, akaungoja uletwe na posta, ndipo auchomeke kwenye nguzo na baiskeli iachie.

Mgeni wa hoteli hana posta. Anakaa siku mbili tatu, anaondoka. Kiangazi kile kizima na vuli yake, wageni walishuka ngazi asubuhi, wakaziona baiskeli ng'ambo ya barabara, wakarudi kaunta kuuliza zinapatikanaje. Nikawajibu kwamba hazipatikani, labda kama unakaa hapa. Na aliyekuja kuuliza hakuwa mtalii peke yake. Kuna mwenzetu wa usafi aliyefanya kazi kwa mkataba wa wiki kwa wiki. Leo yuko kwetu, kesho kampuni ya vibarua imemhamishia hoteli nyingine upande wa pili wa mto. Yeye ni mkazi wa London kuliko mimi, lakini kulipa ada ya mwaka kwa kitu ambacho huenda wiki ijayo hutakiona karibu na kazi yako si jambo la kuliamua kirahisi. Kwa hesabu ya mfumo, yeye naye alikuwa mpita njia.

Tarehe 3 Desemba 2010, katikati ya baridi, mlango ukafunguliwa. Kuanzia siku ile mtu yeyote mwenye kadi ya benki angeweza kufika kituoni bila kujulikana na yeyote. Utaratibu wenyewe niliufundisha wageni mpaka nikawa naweza kuusema usingizini. Unagusa skrini ya mashine, unachomeka kadi, unakubali masharti, unapata karatasi ndogo yenye tarakimu 5. Tarakimu hizo ni za 1, 2 na 3 tu, kwa sababu nguzo ya baiskeli ina vitufe 3. Unachagua baiskeli, unabonyeza namba yako, unangoja taa ya kijani. Hapo ndipo wengi walikwama, maana walivuta usukani kistaarabu. Baiskeli ile ina uzito wa kilo 23 na imebanwa gurudumu la mbele: inua siti, vuta kwa nguvu zote, itoke.

Bei ilikuwa hivi. Pauni 1 ya kuingia mlangoni kwa saa 24, wakati mwanachama alilipa 45 kwa mwaka. Baada ya hapo nusu saa ya kwanza ya kila safari ilikuwa bure kwa wote. Ukivuka, saa nzima pauni 1, saa moja na nusu 4, saa mbili 6, saa tatu 15, na ukikaa nayo kutwa kucha 50. Kumbuka ngazi hiyo, nitairudia, kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali ambalo watu wa Zanzibar wataniuliza.

Lakini kwanza tuulize kwa nini miji huogopa mpita njia. Sababu ni moja, na mjomba wangu aliijua kabla ya mameya wote: unampaje mali mtu usiyemjua?

Pale Ngamiani, mtoto aliyetaka kukodi baiskeli kwa nusu saa hakuandikishwa popote. Mjomba alimtazama usoni akajua ni wa nyumba gani, basi. Asiyejulikana aliacha kitu: viatu, mkoba wa shule, kofia ya baba yake. Aliyetoka mbali kabisa alihitaji mtu mmoja wa mtaani aseme, mpe, namjua. Hiyo ndiyo dhamana. Na pamoja na yote hayo mjomba alikuwa na daftari lake la mraba mraba, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Historia nzima ya baiskeli za jiji Ulaya ni historia ya kutafuta dhamana ya mtu asiyejulikana. Amsterdam, mwaka 1965, vijana wa kundi la Provo walizipaka baiskeli rangi nyeupe wakaziacha mitaani bila kufuli, yeyote achukue. Hakukuwa na dhamana hata kidogo. Polisi walizikamata, kwa hoja kwamba sheria inakataza kuacha baiskeli bila kufungwa. Copenhagen mwaka 1995 ikaweka tundu la sarafu: tumbukiza kroner 20, baiskeli inaachia, ukiirudisha sarafu yako inatoka. Mbele ya tundu lile mtalii na mwenyeji walikuwa sawasawa, na hakuna aliyeulizwa jina. Tatizo ni kwamba kroner 20 ni bei ndogo mno kwa mtu anayetaka kwenda na baiskeli moja kwa moja. Mwaka 1998 mji wa Rennes, Ufaransa, ukaenda upande wa pili: kila anayepanda awe na kadi yake ya mfumo. Wizi ukadhibitika kwa sababu kila baiskeli ilitoka kwa jina la mtu, ila mpita njia akabaki nje.

Paris ndiyo iliyovunja mlango. Vélib' ilipoanza tarehe 15 Julai 2007, na baiskeli karibu 10,000, ilimpokea mgeni siku ile ile ya uzinduzi: euro 1 kwa siku, huku benki yake ikizuia euro 150 mpaka baiskeli irudi. Hapa mashine ilipata kile mjomba alichokipata kwa kutazama uso. Ila palikuwa na tundu jingine. Mashine zilidai kadi yenye chipu, na wakati ule Wamarekani wengi walikuwa na kadi za ukanda wa sumaku. Mtu ana fedha za kutosha kununua duka zima la baiskeli, lakini hawezi kukodi moja kwa sababu ya aina ya plastiki iliyomo pochini mwake.

Hoja hiyo niliielewa vizuri mjomba alipokuja kunitembelea. Kilikuwa kiangazi cha mwaka uliofuata ufunguzi wa London. Siku ya mapumziko yangu nikampeleka kituo cha baiskeli kilicho karibu na Queensway, naye akaanza ukaguzi kabla hata sijagusa skrini. Aligonga tairi kwa kifundo cha kidole. Aliinama akatafuta mnyororo, akakuta umefunikwa wote ndani ya boksi, akaguna kwa kuridhika: kanga haitanaswa, suruali haitaingia grisi. Akatafuta breki za mpira kwenye rimu, hakuziona, akagundua zimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Kisha akaenda nyuma, akasimama.

"Karia iko wapi?"

Haipo, nikamwambia. Iko mbele, pale chini ya usukani, na ule mpira wa kufungia.

"Sasa mtu unambeba wapi?"

Hambebwi mtu, mjomba. Kila mtu na yake.

Akatikisa kichwa kama anayesikitikia wafiwa, akatoa noti ya pauni 10 mfukoni, akaanza kuzunguka ile mashine akitafuta pesa inaingilia wapi. Haiingii popote. Noti haina kazi pale. Nikatoa kadi yangu, maana kadi moja iliruhusiwa kutoa hadi baiskeli 4, nikachukua mbili. Mjomba akanitazama nabonyeza, akacheka.

"Kumbe na huku ni mpaka mtu aseme, mpe, namjua."

Tulizunguka Hyde Park, naye amekaa wima na koti lake, akipiga kengele kwa kila bata. Lakini neno lake likabaki nami, na ndilo ninalotaka madiwani wetu walisikie. Ufunguzi wa Desemba 2010 ulimfungulia mgeni mwenye benki. Asiye na benki, awe mtalii au mzaliwa wa hapo, aliendelea kuhitaji mdhamini. Kwa London, ambako karibu kila mtu mzima ana kadi, waliobaki nje ni wachache. Tukiuhamishia mlango ule ule Tanga, Mwanza au Mombasa, tutawafungulia Wazungu tukawafungia wenyeji. Hapo kila anayesema baiskeli za jiji ni mapambo ya watalii atakuwa amesema kweli.

Kwa hiyo ninaposema mpita njia, simwoni mtalii tu. Namwona mama aliyetoka Muheza na basi la alfajiri kumwona mgonjwa Hospitali ya Bombo, anataka kwenda sokoni na kurudi kabla saa ya kutazama wagonjwa. Namwona mwanafunzi ambaye wiki hii anayo nauli na wiki ijayo hana. Namwona kibarua wa bandarini anayepata kazi siku ambayo meli imetia nanga. Watu hawa maisha yao hayaendi kwa mwaka, yanaenda kwa siku, na mfumo unaouza uanachama wa mwaka unawaambia warudi watakapokuwa watu wa aina nyingine. Sisi wa Tanga tunasema waja leo waondoka leo, na tunausema kama sifa ya mji. Basi mfumo wa usafiri wa mji wenye sifa hiyo ujengwe kwa ajili ya anayekuja leo na kuondoka leo. Ukimtosha yule, mwenye kukaa hatakosa.

Najua hoja zinazokuja, kwa hiyo nizipokee moja moja.

Ya kwanza ni kwamba wageni watamaliza baiskeli, mfanyakazi akose. Niliyoyaona London ni kinyume. Wafanyakazi hutaka baiskeli saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, wanatoka stesheni kubwa kama Waterloo kuelekea maofisini, na kurudi. Saa za asubuhi vituo vya stesheni hubaki vitupu na vya maofisini hujaa pomoni, mpaka magari ya mfumo yabebe baiskeli kuzirudisha. Mgeni wangu wa hoteli saa mbili asubuhi bado anakula mayai. Anatoka saa nne, anapanda mchana, anapanda Jumamosi na Jumapili ofisi zikiwa zimefungwa. Si ajabu kituo cha Hyde Park Corner, ambako hakuna kiwanda wala benki, ni miongoni mwa vituo vyenye safari nyingi kuliko vyote. Baiskeli ambayo mfanyakazi ameiacha ikilala mchana kutwa ndiyo anayoipanda mgeni, na ndiyo inayolipa. Piga hesabu: mwanachama makini aliyelipa pauni 45 na asivuke nusu saa hata siku moja hakuongeza senti nyingine mwaka mzima. Mtu wa siku moja aliyenogewa na bustani kwa muda wa saa tatu aliacha pauni 16 mchana mmoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ya pili ni nzito zaidi, na inatoka kwa watu ninaowaheshimu: wakodishaji wetu watakula nini? Ukienda Paje, Jambiani, Nungwi au Mji Mkongwe kule Zanzibar, baiskeli za kukodi kwa wageni ni riziki ya vijana wengi. Serikali ikija na baiskeli zake mamia, si itawaua? Barcelona iliogopa hilo. Bicing, mfumo wao ulioanza 2007, mpaka leo ni wa wakazi; mtalii hana ruhusa, na moja ya sababu zinazotajwa ni kutoshindana na maduka ya kukodisha. Nauelewa uamuzi wao. Ni mji unaolemewa na watalii, na maduka ya baiskeli yapo kila kona.

Lakini rudi kwenye ile ngazi ya bei ya London. Nusu saa bure, saa tatu pauni 15, kutwa 50. Bei hiyo haitaki ukae na baiskeli. Inataka uende na uiache, mwingine aichukue. Anayetaka kuzunguka kutwa nzima, bei yenyewe inamsukuma kwenye duka la mtu binafsi, atakakopata baiskeli nyepesi, yenye gia za kutosha, na mtu wa kumwelekeza njia. Ndivyo tulivyowaambia wageni pale kaunta: kama ni kwenda makumbusho na kurudi, chukua ya Boris, kama ni kutwa, nenda dukani. Kazi mbili tofauti, wateja wawili tofauti. Tukiweka ngazi kama ile, kijana wa Jambiani hashindani na halmashauri hata kidogo, kwa sababu hakuna anayekodi baiskeli Jambiani kwa nusu saa. Sharti ni kwamba ngazi hiyo iandikwe kubwa, kwa Kiswahili na lugha za wageni, juu kabisa ya ubao. Neno "pauni 1 kwa saa 24" lilikuwa rahisi mno kusomwa kama bei ya kutwa, na ilibidi sisi wa mapokezi tulifafanue kila asubuhi kabla mtu hajavuka barabara.

Ya tatu ni usalama. Mgeni hajui barabara, kwetu tunaendesha kushoto, ataumia. Hofu hii ni ya kweli, ila tiba yake isiwe kumvika kila mtu masharti mpaka akate tamaa. Melbourne, Australia, ilianzisha mfumo wake Juni 2010 chini ya sheria inayomlazimisha kila mwendesha baiskeli kuvaa helmeti. Mpita njia, kwa maana yake, hatembei na helmeti mkononi. Wakajaribu kuziuza kwa dola 5 kwenye maduka ya karibu. Haikusaidia sana, na Novemba 2019 mfumo ulifungwa. Kinachomlinda asiyezoea ni njia iliyotengwa na magari. Dar es Salaam ilijenga njia za baiskeli kandokando ya barabara ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Mei 2016. Zisafishwe, pikipiki zitolewe, wachuuzi watafutiwe mahali pa haki. Hapo hata asiyejua mji atapita.

Sasa tuje kwenye dhamana, maana ndiyo roho ya jambo hili, na ndipo tunapoweza kuwashinda London na Paris.

Wao walitegemea benki kwa sababu benki ndiyo iliyomjua mtu. Kwetu anayemjua mtu ni laini ya simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, miezi minne kabla ya Vélib', na Tanzania ikaingia 2008. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Mwenyeji kwa kitambulisho cha NIDA, mgeni kwa pasipoti. Mama wa Muheza mwenye kitochi anayo tayari dhamana ambayo Copenhagen iliitafuta kwenye sarafu na Paris kwenye chipu. Alipie nusu saa yake kwa simu, apate namba kwa ujumbe mfupi, abonyeze, aondoke. Haihitaji simu janja wala programu ya kupakua.

Na pesa ya dhamana isishikwe. China imetufundisha. Kampuni ya Ofo ilijaza baiskeli za njano kila mji, ikamtoza kila mtumiaji amana, wengi yuan 199. Ilipoyumba mwishoni mwa 2018, zaidi ya watu milioni 10 walijipanga kwenye foleni ya mtandaoni kudai amana zao. Mtu wa kipato cha siku hawezi kulaza pesa kwa mtu mwingine hata usiku mmoja. Laini iliyosajiliwa inatosha. Asiyerudisha anajulikana, na namba yake isipewe baiskeli nyingine mpaka alipe.

Kwa asiye na simu, au mwenye noti tu kama mjomba, tunao watu ambao Ulaya hawana: wakala wa pesa za simu na fundi wa mtaani. Kila kituo kiwekwe mbele ya kibanda cha fundi baiskeli wa mtaa ule ule, alipwe na halmashauri kwa mkataba. Yeye ndiye mashine ya malipo. Anapokea taslimu, anaandika, anajaza upepo, anabadilisha spoku palepale badala ya kungoja gari la karakana. Ajira haipotei, inaongezeka, na fundi ambaye leo anaogopa mradi atakuwa wa kwanza kuulinda.

Kama mji mmoja ungeniuliza uanzie wapi, ningesema Tanga, na si kwa upendeleo tu. Ardhi yetu ni tambarare, watu wazima kwa watoto wanajua kupanda, na madereva wamezoea kumwona mwendesha baiskeli. Stendi ya mabasi iko Kange, nje ya katikati ya mji. Anayeshuka pale anakutana na bodaboda na bajaji basi. Weka kituo Kange, weka Ngamiani, weka Bombo, weka Raskazone ufukweni. Bei ya nusu saa isizidi nauli ya daladala. Mapango ya Amboni, kilomita kama 8 kutoka mjini, yaachwe kwa wakodishaji wa kutwa, na ramani ya kituoni iwaonyeshe wageni maduka yao yalipo.

Waheshimiwa madiwani watakapoletewa andiko la mradi, wasihangaike na picha za rangi wala idadi ya baiskeli. Wamuulize mtaalamu swali moja: mtu ameshuka basi Kange asubuhi hii, hana akaunti ya benki, hajajiandikisha popote, ana kitochi na shilingi elfu mbili. Atakuwa juu ya baiskeli baada ya dakika ngapi? Jibu likiwa dakika 5, pitisheni. Likianza na maneno "kwanza ajaze fomu," mrudishieni karatasi zake.